Anayetafuta Ukweli Ajishitaki Kwanza



Twasikia siku hizi watu wengi wakisema: «Natafuta ukweli wa maisha yangu. Nataka kujua mimi ni nani, na kwa nini mambo yangu hayaendelei.» Kijana aliyemaliza shule bila kupata kazi asema hivyo. Mama aliyepoteza mimba mara tatu asema hivyo. Mwenye duka aliyefilisika asema hivyo. Sisi hatuwacheki watu hao. Mtu ambaye hajajiuliza neno hilo hata siku moja amelala usingizi mzito. Mungu alitupa akili ili tuulize.

Lakini kuuliza ni jambo moja, na mahali pa kuuliza ni jambo jingine. Leo twataka kusema wazi, hata kama wengine watatukasirikia: wengi wetu twapeleka swali zuri kwenye mlango mbaya. Twalipeleka kwa mfumu, kwa mpiga ramli, kwa mtu anayejiita nabii katika chumba chake cha sala. Na huko hatupewi ukweli. Twapewa jina la mtu.

Twaingia na swali: «Mimi ni nani?» Twatoka na jibu: «Adui yako ni fulani.»

*Jina la mtu*

Tazameni jinsi jambo linavyokwenda. Mwanamume amefiwa na mke wake, naye ameoa mwingine. Baada ya miezi michache kazi yake imekwisha. Kisha mtoto mchanga wa mke mpya ameshikwa na homa. Mtu huyu hapati usingizi, nayo ni haki yake. Ana mambo mengi ya kujiuliza: fedha alizokunywa, deni alilolificha, ahadi aliyompa marehemu juu ya watoto wake na ambayo hakuitimiza. Badala ya kujiuliza hayo, anakwenda kwa nabii.

Nabii hamwulizi: «Mshahara wako wa mwisho uliufanyia nini?» Hamwulizi: «Mtoto amepimwa damu?» Anafumba macho, anatetemeka, anasema: «Katika nyumba yako yuko mtu anayefunga njia yako.» Na katika nyumba ile ni nani asiye na mtetezi? Si mke mpya, kwa maana ana kaka zake. Si baba mkubwa, kwa maana anaogopwa. Yuko mtoto wa marehemu, mwenye miaka minane, anayekojoa kitandani na kulia usiku. Basi ni yeye. Mambo ambayo yangetuonyesha kwamba mtoto anamlilia mama yake, hayohayo yanageuzwa kuwa alama za uchawi.

Hatukutunga habari hii ili kuwatisha wasomaji. Katika Kinshasa, katika Lubumbashi na katika miji mingine ya Kongo, watoto wengi wanaolala sokoni na njiani walitolewa nyumbani kwa neno hilo moja: mchawi. Wengine kabla ya kufukuzwa walifungiwa ndani, wakanyimwa chakula, wakapigwa, ili eti «wafunguliwe». Jambo lilikuwa kubwa hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, ikakataza kuwashitaki watoto uchawi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ikaweka adhabu kwa mwenye kufanya hivyo. Nchi haiandiki katika katiba yake kosa ambalo halitendeki.

Basi, hatubishani hapa juu ya maneno matupu. Mtu mzima alitafuta ukweli wa nafsi yake, na mtoto ndiye aliyelipa.

*Mwafrika mmoja aliyetafuta*

Wako watakaosema: «Ninyi watu wa misioni mwatuletea mawazo ya Wazungu.» Vema, twende kwa Mwafrika.

Mtakatifu Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko katika nchi ya Aljeria na waitwa Souk Ahras. Baba yake, Patricius, hakuwa tajiri, lakini alijibana ili mwana asome. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristu. Kijana alisoma Madaura, kisha Carthage, mji mkubwa wa Afrika ya siku zile. Huko alichukua mwanamke bila ndoa, akazaa naye mtoto, Adeodatus. Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, Mroma, kiitwacho Hortensius, chenye kuwaita watu waipende hekima. Moyo wake ukawaka. Tangu siku ile alitaka ukweli kama mtu mwenye njaa anavyotaka chakula.

Lakini sikilizeni: kuutaka ukweli hakukumzuia kupotea. Alitangatanga miaka 13, tangu 373 hata 386. Na tukiichunguza njia yake twaona kwamba alipiga hodi kwenye milango ileile tunayopiga sisi leo.

*Mlango wa kwanza: «Si mimi»*

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Wamanikea, wafuasi wa Mani, mtu wa Babeli wa karne ya tatu. Hao walifundisha kwamba tangu mwanzo ziko nguvu mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba zapigana hata ndani ya kila mtu. Walimwahidia Augustino kwamba atapata ukweli kwa akili tu, bila kulazimishwa kuamini. Akakaa nao miaka tisa.

Kwa nini mtu mwenye akili nyingi namna ile alikaa muda mrefu hivyo? Yeye mwenyewe alieleza baadaye, bila kujihurumia. Mafundisho yale yalimpendeza kwa sababu yalimfanya aone kwamba alipokosa si yeye aliyekosa, bali kitu kingine kilichokaa ndani yake. Kiburi chake kilifurahi kuwa bila hatia. Alipenda kujitetea, na kumshitaki mwingine asiyemjua.

Je, hamwoni kwamba hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa leo katika vyumba vingi vya sala? Mume ampiga mke, nasi twaambiwa ni pepo ya hasira. Mhasibu aiba fedha ya chama, nasi twaambiwa ni pepo ya ukoo. Msichana apewa mimba na mwalimu wake, nasi twaambiwa ni mume wa usiku aliyemtembelea. Na mwalimu yuko wapi? Yuko kwenye benchi ya mbele, anapiga makofi. Pepo amebeba mzigo wote, na mwenye kosa amerudi nyumbani mwepesi kama unyoya.

Augustino alikuwa na maswali mengi ambayo Wamanikea wadogo hawakuweza kuyajibu. Wakamwambia: «Ngojea Faustus aje.» Faustus alikuwa askofu wao, mwenye sifa kubwa. Alipokuja Carthage, Augustino alimkuta ni mtu mpole na mwenye maneno matamu, lakini juu ya maswali yale hakujua. Heri yake, kwa maana alikiri kwamba hajui, na Augustino alimheshimu kwa hilo. Manabii wetu hawafanyi hata hivyo. Sisi hatujasikia nabii hata mmoja aliyerudisha fedha ya mtu na kusema: «Ndugu yangu, mimi sijui, nenda hospitali.»

*Mlango wa pili: wenye kusoma nyota*

Mlango wa pili ulikuwa wa wapiga ramli wa siku zile, waliosoma nyota. Walisema kwamba ukijua saa ya kuzaliwa kwa mtu, wajua maisha yake yote. Augustino aliwaendea, akasoma vitabu vyao kwa bidii.

Mganga mmoja mzee, Vindicianus, alimshauri kama baba aviache vitabu vile. Augustino alimwuliza: «Basi kwa nini mara nyingi wanasema mambo yanayotokea kweli?» Mzee alijibu kwamba ni bahati tu, kwa kuwa katika maneno mengi mengine lazima yalingane na mambo. Jibu hili latosha hata leo. Mwambie kila mtu anayeingia kwako: «Katika ukoo wako yuko mtu anayekuonea wivu.» Ni ukoo gani hauna wivu? Kila mmoja atatoka akisema: «Kweli, ameniona!»

Jambo lililomaliza kazi lilikuwa habari ya rafiki yake, Firminus. Baba wa Firminus na rafiki wa baba huyo walipenda sana mambo ya nyota. Mke wa huyu alikuwa na mimba, na kwa yule mtumwa wa kike alikuwa na mimba pia. Walihesabu siku na saa kwa uangalifu mwingi. Wanawake wote wawili walizaa kwa saa moja, na wajumbe waliotumwa kutoka nyumba hizi mbili walikutana katikati ya njia. Nyota zilikuwa zilezile. Lakini Firminus alikua katika mali na heshima, na mtoto wa mtumwa akabaki mtumwa. Si nyota zilizowatenganisha, bali nyumba walimozaliwa na namna wanadamu walivyotendeana. Augustino aliposikia hayo, aliiacha ramli kabisa.

Tufanye sisi pia hesabu ya namna hiyo. Watoto wawili wanakojoa kitandani. Mmoja ana mama: anafuliwa shuka. Mwingine ni yatima: anaitwa mchawi. Uchawi uko wapi? Uko kwa mtoto, au kwa wale wakubwa walioona jambo moja na kuliita majina mawili?

*Alipojiona mwenyewe*

Mwaka 383 Augustino alikwenda Roma, na mwaka 384 alikuwa mwalimu wa ufasaha Milano. Huko alimsikiliza Askofu Ambrosi. Akili yake ilikubali polepole kwamba imani ya mama yake haikuwa ujinga kama alivyodhani. Lakini akili kukubali ni kitu kimoja, na maisha kugeuka ni kitu kingine.

Mwaka 386 Mwafrika mwenzake, Ponticianus, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya mfalme mkuu, alimtembelea. Akamsimulia habari za Mtakatifu Antoni wa Misri, na za vijana walioacha vyote kwa ajili ya Mungu. Ponticianus alipokuwa akisema, jambo la ajabu lilitokea: Augustino alianza kujiona. Muda wote alikuwa amejificha asijione, sasa alijitazama uso kwa uso, na aliyoyaona hayakumpendeza. Hakuona pepo ya mtu mwingine. Aliona mtu aliyejua njia na kukataa kuipita.

Alikwenda bustanini, akalia. Ndipo aliposikia kutoka nyumba ya jirani sauti ya mtoto, hakujua kama ni wa kiume au wa kike, akiimba na kurudia maneno yaliyomwalika kushika kitabu na kusoma. Alikichukua kitabu cha Mtume Paulo, akasoma, na giza likaondoka. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na Adeodatus mwanawe na Alypius rafiki yake.

Kwa sauti ya mtoto Mungu alimfungulia mlango mtu mwenye elimu kubwa. Nasi twawafungia watoto mlango.

*Askofu anayejishitaki*

Augustino alirudi Afrika mwaka 388, akawa padri wa Hippo mwaka 391, na baada ya miaka michache askofu. Hapo ndipo alipoandika kitabu chake cha Maungamo. Fikirini vizuri: askofu, mwenye adui wengi waliongojea kumwaibisha, aandika mwenyewe aibu zake.

Aeleza kwamba alipokuwa na miaka 16 aliiba usiku pamoja na wenzake matunda ya mti wa jirani. Hawakuwa na njaa, na matunda yenyewe hayakuwa mazuri, waliwatupia nguruwe. Angeweza kusema: «Ni wenzangu walionishawishi.» Akubali kwamba peke yake asingefanya, lakini hawatupii wenzake kosa. Ajiuliza: mimi nilipenda nini katika wizi ule? Na jibu alilolipata lilimtisha: alipenda ubaya wenyewe.

Aeleza pia habari ya mama wa Adeodatus, aliyeishi naye miaka mingi na kuachwa alipotafutiwa mke wa heshima. Mwanamke yule alirudi Afrika, akamwahidia Mungu kutomjua mwanamume mwingine. Augustino angeweza kumshitaki mama yake, ambaye ndiye aliyetafuta ile ndoa. Hakufanya hivyo. Aliandika kwamba moyo wake ulijeruhiwa, na kwamba yeye, kwa utumwa wa tamaa, alichukua mwingine upesi. Mwanamke alikuwa na nguvu kuliko yeye: hilo analikiri mbele ya dunia yote.

Tena alipokuwa amepita miaka 70 alisoma upya vitabu vyake vyote, akaandika kitabu kizima cha kuyasahihisha makosa yake. Huyo ndiye mtafuta ukweli. Wengi wetu hatuwezi kusahihisha hata neno tulilolisema jana kwenye kilabu cha pombe.

*Wanaotupinga*

Twajua kwamba wengine watatujibu. Tuwasikilize.

Wa kwanza wasema: «Basi ninyi mwakana kwamba Shetani yuko.» Hapana, hatukani. Shetani yuko na hushawishi. Lakini kushawishi si kutenda. Hata katika shamba la Edeni kila mmoja alimnyoshea kidole mwingine: mwanamume alimtaja mwanamke, mwanamke alimtaja nyoka. Mungu alimhukumu nyoka, lakini hakuwaambia wale wawili: «Basi ninyi hamna hatia.» Tena Kanisa halikuacha jambo hili gizani. Katekismu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2116, yakataa kila namna ya kupiga ramli na kuwaendea wenye kufunua mambo yaliyofichika. Mkristu anayepokea Ekaristia asubuhi na kwenda kwa mfumu jioni hajaongeza nguvu ya sala. Amekwenda kumwuliza mwingine kile ambacho hakutaka kusikia kwa Kristu.

Wa pili wasema: «Shida zetu si makosa yetu. Vita vimetufukuza mashambani. Wakubwa wamekula mshahara wetu.» Ndugu, hapo mwasema kweli, nasi twataka kuwaunga mkono. Kujishitaki si kubeba makosa ya watu wote. Mbu haulizi kama mtu ni mwema kabla ya kumletea malaria. Mitume walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Na Bwana Yesu alikataa majibu yote mawili. Hakutafuta mkosaji: alimponya. Basi aliyeiba mshahara aitwe mwizi, kwa jina lake na kwa ushahidi. Huo nao ni ukweli. Lakini tazameni jambo la aibu: mkubwa aliyekula mshahara twamwogopa na kumpigia makofi, na mtoto asiye na kitu twamtupa nje. Kama kweli twatafuta mwenye kosa, kwa nini kidole chetu hakipandi juu hata siku moja?

Wa tatu ni wasomi. Hao wamecheka tangu mwanzo wa makala hii, kwa kuwa wao hawaendi kwa mfumu. Wasicheke mapema. Wao nao wana mpiga ramli wao. Wasema kwamba kila mtu ana ukweli wake, na kwamba hakuna wa kumhukumu mwenzake. Lakini ukiwagusa juu ya matendo yao, wana jina tayari: ni wazazi walionilea vibaya, ni serikali, ni Wazungu, ni kabila lile. Katika nchi yetu ya mashariki twajua vizuri neno hilo la mwisho linatufikisha wapi. Mfumu atoa jina la mtoto mmoja. Wao watoa jina la watu maelfu. Kama kila mtu ana ukweli wake, basi nabii ana wake, na aliyemfukuza mtoto ana wake, na mtoto njiani abaki na njaa. Hapana. Mtoto alimroga mtu au hakumroga. Mimi niliiba au sikuiba. Ukweli si shati ambalo kila mtu ajishonea kwa kipimo chake.

*Vyumba viwili*

Twaomba wasomaji wapime vyumba viwili. Katika chumba cha nabii twaingia kumshitaki mwingine. Katika Sakramenti ya Kitubio twaingia kujishitaki. Kule tutoe fedha, huku hatutoi kitu. Kule siri ya nyumba yatangazwa mbele ya watu, huku padri amefungwa na siri hata kufa. Kule twatoka na adui mpya, huku twatoka na deni la kulipa: rudisha ulichoiba, omba radhi kwa uliyemwonea, mpokee uliyemfukuza. Ndiyo maana chumba cha kule chajaa watu, na kiti cha huku chakaa peke yake. Watu hawakimbii uongo wakitafuta ukweli. Mara nyingi wakimbia ukweli, na njiani wasema kwamba wanautafuta.

*Sisi nasi*

Lakini haifai tuandike hivi na kujiacha wenyewe nje. Sisi tunaoandika tuna neno la kuungama.

Tulikuwa kwenye matanga. Marehemu alikuwa ameugua homa siku nyingi. Sisi tulijua kwamba hakupelekwa hospitali, kwa sababu fedha za ukoo zilikuwa zimekwisha kwa mambo mengine, na baadhi yetu tuliyanywa mambo hayo. Chini ya ukuta alikaa msichana mdogo, mtoto wa dada wa marehemu, na sahani yake juu ya magoti. Hakuna aliyekula pamoja naye. Mzee mmoja alisema neno, wa pili akalirudia, na watu wote wakamtazama mtoto.

Tungeweza kusimama na kusema: «Wazee wetu, tuwieni radhi. Homa ilimwua, na sisi tulichelewa.» Tulijua maneno yale, yalikuwa tayari mdomoni. Tukanyamaza. Tuliwaogopa wazee, tena chakula kilikuwa tayari. Dominika iliyofuata mtoto hakuwapo. Tulipouliza, tuliambiwa amekwenda kwa ndugu. Hatukuuliza ni ndugu gani.

Hilo si kosa la nabii. Halikuwapo pepo lililotufunga mdomo. Ni sisi.

*Tufanye nini?*

Kila jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize juu ya siku moja tu, ile iliyopita: nimemtendea nani nini? Asianze na yale aliyotendewa, hayo hatayasahau. Homa ikiingia nyumbani, tutafute kwanza dawa na mganga wa hospitali, na sala iende pamoja na dawa. Mtu akitaja jina la mtoto kwenye kilio, asimame walau Mkristu mmoja na kuuliza: «Umeona nini kwa macho yako?» Nao waliofukuza mtoto, wasingoje mafundisho mengine. Njia ya sokoni waijua. Waende usiku huu.

Karamu ya mwisho Bwana Yesu alisema kwamba mmoja wa wale kumi na wawili atamsaliti. Mitume hawakutazamana wakitafuta mchawi. Kila mmoja alihuzunika na kuuliza habari yake mwenyewe, kama ni yeye.

Mwezi wa Agosti mwaka 430 jeshi la Wavandali lilikuwa limeuzunguka mji wa Hippo. Augustino, mwenye miaka 75, alikuwa mgonjwa kitandani. Adui walikuwa mlangoni, na kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kuwashitaki wengine siku zile, ni yeye. Possidius, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba mzee aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Siku kama kumi za mwisho aliomba aachwe peke yake, akazisoma na kulia kwa ajili ya dhambi zake. Akafa tarehe 28.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika, utuombee.